Nanasi Kwenye Wavu: Kuchoma Matunda Pembeni ya Nyama

Kaskazi ikishaanza kuvuma, kati ya Desemba na Machi, mambo mawili hukutana huku mwambaoni. Maembe hufurika sokoni mpaka muuzaji anakubembeleza uyachukue, na ndani ya nyumba hakupikiki kwa joto. Jiko hutolewa uani, mkaa huwashwa jua likianza kushuka, na kinachofuata kila mtu anakijua: nyama kwenye wavu, kachumbari kwenye bakuli, chumvi na pilipili kwenye kona ya sinia. Matunda hungoja kwenye friji mpaka watu washibe, kisha huletwa yamekatwakatwa, na nusu yake hurudi jikoni bila kuguswa.

Ni hasara, maana matunda hayohayo yakipitishwa motoni na kuliwa pamoja na nyama hufanya kazi ya ndimu na pilipili, na hubaki na utamu juu yake. Nyama ya mbuzi yenye mafuta, mbavu za ng'ombe, kuku wa kupakwa viungo, hata samaki mwenye mafuta kama jodari, vyote vinataka kitu chachu cha kukata yale mafuta mdomoni. Kipande cha nanasi kilichobabuka juu ya makaa kina uchachu, kina utamu, na kina harufu ya moshi inayokifanya kionekane ni ndugu wa ile nyama.

Wala si mtindo mgeni. Anayenunua mishikaki barabarani jioni Dar es Salaam mara nyingi huongezewa ndizi iliyochomwa kwenye jiko lilelile. Katika barabara ya Kampala kwenda Jinja, gari likisimama Namawojjolo, wachuuzi hukimbilia madirishani wakiwa wameshika kuku wa vijiti mkono mmoja na gonja mkono wa pili, nayo gonja ni ndizi tamu ya kuchoma. Unguja na Pemba shelisheli hufukiwa motoni zima zima mpaka ganda liwe jeusi. Mbali zaidi, katika migahawa ya nyama ya kuchoma ya Brazili, mchomaji hupita meza kwa meza na nanasi zima lililochomekwa kwenye chuma, limepakwa sukari na mdalasini, akimkatia kila mlaji kipande palepale. Meksiko nako nyama inayoitwa al pastor, iliyotokana na shawarma ya wahamiaji wa Lebanoni, huzungushwa pembeni ya moto ikiwa imevalishwa nanasi juu.

Kwa hiyo ndizi tumeshaizoea, na kutoka kwenye ndizi hadi kwenye nanasi si mbali. Tatizo ni kwamba wengi waliojaribu walipata vipande vilivyolegea, vyenye maji, vyeupe katikati na vyenye harufu ya mafuta ya taa. Hilo lina sababu zake, na zote zinaepukika.

Moto kwanza

Nanasi ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na tikiti maji hupita 90. Tunda likikaa kwenye moto hafifu, maji hayo hutoka polepole, hujikusanya juu yake, na badala ya kuchomeka linachemka. Tunachokitaka ni kinyume chake: uso wa tunda ukauke haraka, sukari iliyobaki pale juu ijikusanye na kugeuka rangi, huku ndani kukiwa bado kuna maji yake. Sukari ya matunda huanza kubadilika kwenye joto la karibu nyuzi 110, na ile ya kawaida, ambayo nanasi na embe vinayo kwa wingi, hutaka karibu nyuzi 160. Maji yakiwepo juu ya tunda, joto halipandi kupita nyuzi 100. Ndiyo maana lazima moto uwe na nguvu, na tunda lifutwe kabla ya kuwekwa.

Mkaa uwashwe mapema. Ukiona ndimi za moto na moshi, bado. Ngoja mpaka makaa yavae majivu ya kijivu na wekundu uonekane kwa ndani ukipepea. Kisha weka kiganja juu ya wavu, kiasi cha sentimita 12, uhesabu sekunde taratibu. Ukilazimika kuondoa mkono baada ya sekunde 3, moto huo unafaa nanasi na tikiti. Sekunde 4 au 5 zinafaa embe na ndizi. Ukifika 8 na mkono bado upo, ongeza mkaa au kula matunda yako yakiwa mabichi, yatakuwa matamu zaidi.

Wachomaji wazoefu husukuma makaa upande mmoja wa jiko na kuacha upande wa pili na makaa machache. Kwa matunda mpango huo ni wa lazima. Sukari ikishaanza kuwa kahawia haingoji mtu, kati ya rangi nzuri na weusi mchungu zinapita sekunde chache tu, na unahitaji mahali pa kulisogezea tunda haraka bila kuliondoa jikoni.

Kuhusu kuwasha: mafuta ya taa, vipande vya mifuko ya plastiki na mbao zilizopakwa rangi visikaribie. Nyama yenye viungo vingi huweza kuficha harufu hizo kidogo, tunda haliwezi kuficha chochote. Vifuu vya nazi vilivyokauka, karatasi isiyo na rangi au vijiti vikavu vinatosha kuwasha, na kifuu hutoa moto mkali unaolipenda nanasi.

Jambo jingine ni wavu wenyewe. Ule wa seng'enge ya kufugia kuku, ambao mafundi wengi hukata na kuuweka kwenye majiko ya bei nafuu, umepakwa zinki. Uchachu wa nanasi na ndimu huyeyusha zinki, na zinki nyingi tumboni huleta kichefuchefu na kutapika. Tumia wavu wa nondo nyembamba au wa chuma kisichoshika kutu. Hata karatasi ya alumini, ambayo watu hupenda kufungia vitu, si rafiki wa matunda machachu. Kama ni lazima kufunga, jani la mgomba linafanya kazi hiyo vizuri na huongeza harufu.

Kuchagua sokoni

Tunda la kuchoma liwe limeiva lakini liwe gumu kidogo. Lile ambalo ungelichagua kwa juisi, linalobonyea ukiligusa, litaanguka vipandevipande kati ya nondo.

Kwenye nanasi kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Nanasi likishakatwa shambani haliongezeki utamu. Halina akiba ya wanga ya kugeuza kuwa sukari, hivyo linaweza kubadilika rangi na kulainika nyumbani kwako, lakini utamu ni ule uliotoka nao Kiwangwa au Geita. Embe na ndizi ni tofauti, vina wanga ambao hugeuka sukari vikiwa ndani ya kapu. Basi embe gumu unaweza kulinunua Jumatano kwa ajili ya Jumamosi, nanasi lazima lichaguliwe likiwa tayari. Linuse kwenye kitako, upande wa pili wa majani. Likitoa harufu tamu, chukua. Lisipotoa harufu yoyote liache hata kama lina rangi nzuri, na likinuka kama togwa limeshapita.

Embe liwe lenye nyama nyingi na nyuzi chache: dodo, bolibo, embe la apple, au ngowe kwa walio karibu na Lamu na Malindi. Embe sindano lina utamu wake, ila nyuzi zake zikipata moto hubaki kama kamba kwenye meno. Ndizi ya kuchoma ni mzuzu iliyoiva mpaka ganda likawa njano lenye madoa meusi. Kisukari mwachie mtoto ale hivyohivyo, kwenye wavu huyeyuka.

Nanasi

Kama utachoma tunda moja tu, liwe hili. Nanasi la kilo moja na nusu hutoa takribani mapande manane hadi kumi ya mviringo, na hayo yanatosha watu wanne au watano wanaokula nyama.

Lioshe kwanza na ganda lake, maana kisu hubeba uchafu wa nje na kuuingiza ndani. Kata kichwa na kitako, lisimamishe, menya kuanzia juu kwenda chini. Macho yale ya kahawia yamejipanga kwa mistari ya mshazari kuzunguka tunda, hivyo badala ya kutoboa moja moja, pitisha kisu kwa mshazari pande mbili za mstari na kuutoa wote kama mfereji. Kata mapande yenye unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili. Yakiwa membamba yanakauka kabla ya kupata rangi, yakiwa manene yanabaki baridi katikati. Moyo wa katikati usiutoe bado, ndio unaolishika pande lisivunjike, na ukishachomeka hulika bila shida.

Yafute kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni. Yapake mafuta kidogo sana, ya nazi au ya alizeti, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Mafuta yawe kwenye tunda, yasiwe kwenye wavu, kwa sababu yakidondokea makaa huinua moshi mweusi. Weka pande kwenye moto mkali na usiliguse kwa dakika tatu. Hapo ndipo wengi huharibu, kila sekunde kumi wanaligeuza kama chapati. Tunda ambalo halijatengeneza ngozi limeng'ang'ania wavu, na ukililazimisha linachanika. Likishakuwa tayari huachia lenyewe ukiliinua kwa koleo. Geuza, dakika tatu nyingine, kisha lisogeze pembeni.

Utagundua kitu ukilionja. Ule muwasho wa ulimi unaotokana na nanasi bichi umeondoka. Unasababishwa kwa sehemu kubwa na kimeng'enya kiitwacho bromelini, ambacho kazi yake ni kukatakata protini, na ulimi wako nao ni protini. Joto hukiharibu. Wapishi wa mwambao wanamjua ndugu yake kwa vitendo: papai bichi, lenye papaini, husagwa na kupakwa nyama ya mishikaki ili ilainike. Nanasi bichi hufanya kazi hiyohiyo. Kwa vipande vidogo nusu saa hadi saa moja inatosha. Ukiiacha nyama humo usiku kucha, asubuhi utakuta uso wake umegeuka uji, na hakuna moto utakaourudisha.

Kwa kuwa joto huharibu bromelini, nanasi lililokwisha kuchomwa halilainishi nyama, na la kopo pia halilainishi kwa sababu lilipikwa kiwandani. Wabrazili wengi watakuambia nanasi lao la moto husaidia kuyeyusha nyama tumboni. Kwa kimeng'enya kilichokwisha kufa motoni, sioni jinsi gani. Linalobaki ni uchachu wake, na kwangu huo unatosha.

Ndizi, embe na mengineyo

Mzuzu iliyoiva humenywa, ikapasuliwa kwa urefu, ikapakwa samli kidogo na kuwekwa moto wa wastani upande uliokatwa ukitazama chini. Dakika nne au tano kila upande. Ikiwa bado ina ugumu ndani, isogeze kwenye makaa machache uifunike kwa sufuria iliyopinduliwa mpaka ilainike. Wengine huichoma na ganda lake, huipasua mstari mmoja juu na kuiacha dakika kumi hadi kumi na tano mpaka ganda liwe jeusi, kisha hula kwa kijiko. Njia hii ni rahisi na haina hatari ya kuungua, ila hukosi kugundua kwamba haina ile rangi ya kahawia, na rangi hiyo ndiyo ladha.

Embe usilimenye. Likate mashavu mawili pande zote za kokwa, chora miraba kwa ncha ya kisu bila kutoboa ganda, paka mafuta kidogo na uweke upande wa nyama chini kwa dakika mbili au tatu. Basi, usiligeuze. Ganda litashika kila kitu, na mlaji atalibinua kwa vidole na miraba itachomoza nje. Wenye ngozi nyepesi kuwashwa na utomvu wa embe waoshe mikono baada ya kukata na wasiguse ganda kwa midomo.

Papai lililoiva nusu, bado lina ugumu, hukatwa vipande virefu na kuchomwa dakika mbili mbili. Lina utamu bila uchachu, kwa hiyo bila ndimu nyingi ni kitu cha kupooza. Shelisheli ni habari nyingine kabisa kwa sababu ni wanga, linashika nafasi ya ugali au mkate: liweke zima kwenye makaa ya wastani, ligeuze mara kwa mara kwa karibu saa nzima mpaka ganda liungue lote na mvuke utoke kwenye kikonyo, ndipo ulikwangue na kulikata. Lianze kabla ya nyama. Parachichi gumu, lililokatwa nusu na kupakwa ndimu, hutaka dakika mbili tu upande wa nyama, zaidi ya hapo linaanza kuwa chungu. Ndimu na machungwa, ukiyakata nusu na kuyalaza kifudifudi mpaka yapate mistari myeusi, hutoa maji mengi zaidi yakikamuliwa na uchachu wake unakuwa mpole. Hilo nalipendekeza kwa mtu yeyote, hata asiyetaka kusikia habari za nanasi la moto.

Tikiti maji linasifiwa sana na wapishi wa Marekani. Nimelila, na nadhani ni kupoteza tikiti. Linapoteza ule ubaridi na mkwaruzo wake, ambavyo ndivyo vinavyomfanya mtu alitafute kwenye joto la Januari. Mwenye kutaka kujaribu akate kipande kinene, akinyunyizie chumvi, akiache robo saa kitoe maji, akifute, kisha akipe moto mkali kabisa kwa dakika mbili kila upande.

Cha kupaka

Kanuni ni moja: chenye sukari kipakwe mwisho. Asali, sukari ya mchanga au ukwaju uliochanganywa na sukari vikiwekwa tangu mwanzo huungua kabla tunda halijapata moto. Paka dakika ya mwisho, geuza mara moja, toa.

Aliyesoma shule ya msingi huku kwetu anaijua tayari ladha ya kuanzia nayo: embe bichi, chumvi na pilipili ya unga, kutoka kwa mama aliyekaa karibu na lango la shule. Mchanganyiko huohuo, ukiongezwa ndimu, ndio unaopakwa kwenye mahindi ya kuchoma, na ndio bora kwa nanasi na embe vinavyoliwa na nyama. Chumvi huinua utamu, pilipili huuzuia usizidi. Kwa ndizi, mdalasini na iliki iliyotwangwa. Kwa meza ya sikukuu, chemsha kikombe cha tui zito na punje mbili za iliki na chumvi kidogo mpaka libaki nusu, umwagie ndizi zikiwa bado za moto.

Lakini namna iliyowashinda hata wabishi ni kachumbari ya nanasi la kuchoma. Mapande manne yaliyochomwa yakatwe vipande vidogo, moyo utupwe ukiwa mgumu. Changanya na kitunguu kimoja kilichokatwa vyembamba na kuoshwa kwa maji ya chumvi, pilipili moja mbichi, kiganja cha giligilani, ambayo Kenya huitwa dania, na ndimu moja iliyokamuliwa. Nyanya haihitajiki. Iache dakika kumi. Pamoja na mbavu za mbuzi au samaki wa kupaka, haibaki.

Usafi na afya

Damu ya nyama mbichi na tunda lililomenywa visikutane. Inaonekana ni jambo dogo, lakini shughuli nyingi za uani zina kibao kimoja, kisu kimoja na sinia moja. Kuku mbichi hasa hubeba vimelea vya kuharisha, na tunda linalokaa motoni dakika mbili halipati joto la kutosha kwa ndani kuviua. Kata matunda kwanza, yafunike na kuyaweka pembeni, ndipo ushughulikie nyama. Brashi iliyopaka nyama mbichi isirudi kwenye embe, na sinia iliyobeba mishikaki mibichi ioshwe kwa sabuni kabla ya kupokea chochote kilichoiva.

Matunda yaliyokatwa, mabichi au ya kuchoma, yasikae nje zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, kama inavyokuwa mara nyingi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa kaskazi, hesabu saa moja. Yafunikwe, nzi wa msimu wa maembe hawahitaji mwaliko.

Uliza pia wageni wako. Wavu uliochomewa kitimoto hautafaa kwa Mwislamu hata kama kilicho juu yake sasa ni nanasi, na asiyekula nyama hatapenda ndizi yenye mafuta ya mbuzi. Wavu wa pili mdogo humaliza mambo yote mawili. Pasipo wa pili, matunda yatangulie kabla ya nyama, wavu ukiwa safi.

Kuchoma hakupunguzi sukari ya tunda. Kinachopungua ni maji, kwa hiyo kipande kilekile kinakuwa chepesi na kitamu zaidi ilhali sukari iko palepale. Mwenye kisukari ahesabu pande la nanasi la kuchoma kama angelihesabu bichi, aache asali, na ndizi iliyoiva sana aichukulie kama sehemu ya wanga wa mlo wake, si nyongeza. Mwenye maradhi ya figo aliyeshauriwa kupunguza madini ya potasiamu awe mwangalifu na ndizi na parachichi, moto hauyaondoi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe chochote kilichopakwa asali, kwa sababu asali huweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvizuia. Na watoto wote wangojee: sukari ya moto hushika ngozi kuliko maji ya moto, na nanasi hubaki na moto ndani dakika kadhaa baada ya kutolewa.

Palipoungua kabisa pakwanguliwe. Rangi ya kahawia ndiyo tunayoitafuta, weusi wa mkaa ni uchungu tu.

Mvua ikianza, usiingize jiko ndani. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu waliolala. Jiko linaloonekana limezimika huendelea kuitoa kwa saa nyingi, basi liache nje mpaka majivu yapoe kabisa, au uyamwagie maji.

Mpangilio wa jioni

Ukiwa na jiko moja, ratiba huwa hivi. Shelisheli, kama lipo, linaanza. Nyama inafuata wakati moto ni mkali na mafuta yanadondoka. Ikiiva, itoe na kuiacha itulie kwenye sinia dakika kama kumi kabla ya kukatwa, jambo ambalo nyama inalihitaji hata hivyo ili isimwage maji yake yote kwenye kibao. Dakika hizo kumi ndizo za matunda. Kwangua wavu kwa brashi ya waya, uangalie usiache unyoya wa waya, kisha upanguse kwa nusu kitunguu kilichochomekwa kwenye uma. Pepea makaa yarudi kuwa mekundu, ongeza kiganja cha vifuu, na panga mananasi. Nyama inapokatwa, matunda yanatoka.

Vipande vidogo unaweza kuvichoma kwenye vijiti. Vile vya mianzi viloweke kwenye maji nusu saa visishike moto. Usichanganye nyama na nanasi kwenye kijiti kimoja, ingawa picha za matangazo hupenda hivyo: nyama inataka dakika kumi na zaidi, nanasi sita, na mmoja wao lazima aumie. Choma mbalimbali, wachanganye kwenye sahani.

Vilivyobaki viingie kwenye friji vikiwa na kifuniko na viliwe ndani ya siku tatu. Nanasi la kuchoma la jana, likikatwakatwa na kukaangwa kidogo na kitunguu na pilipili hoho, linafaa ndani ya wali wa asubuhi. Embe lisagwe na maziwa ya mtindi. Ndizi ya jana sina la kuifanyia, huwa imeshaliwa.